Jicho Si Laboratwari

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani,

Leo sitaanza na kofia wala viatu vya kazi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu mtu anayewafundisha wengine usalama lazima akubali pia kufundishwa.

Siku moja wakati wa mvua, ndugu mmoja anayefanya kazi kwenye mashine ya kuvunja mawe alikuja kwangu na chupa ya maji. Maji yalitoka katika lupangu yake, kwenye kisima. Ndani yake nyuzi ndogo nyeupe zilikuwa zinaelea. Akaniuliza: "Dokta, hii ni kitu gani?" Niliinua chupa mbele ya dirisha, nikaikodolea macho, kisha nikajibu kama mtu anayejua: "Ni plastiki. Inatoka katika bidoni yako. Itupe."

Alinitii. Alitupa bidoni mbili za njano ambazo mke wake alizinunua kwa faida yake ya sokoni. Nyumbani kukawa na maneno mengi.

Siku chache zikapita. Rafiki wa laboratwari alizitazama nyuzi zile kwa mikroskopi. Zilikuwa bapa, zimejipinda kama utepe. Ilikuwa pamba! Yule mama alikuwa anachuja maji kwa kipande cha kitenge, na nyuzi zilitoka katika kitenge. Na kuna jambo lililo baya zaidi. Siku ile nilizungumza juu ya nyuzi tu, sikuuliza kama maji yanachemshwa. Kitinda mimba wao aliletwa kwetu juma lile lile akiharisha, macho yameingia ndani. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini maji ya kisima kile yalipopimwa, yalikutwa na uchafu wa choo.

Basi katika chupa moja jicho langu lilikosea mara mbili. Liliona plastiki ambayo haikuwako, na halikuona vidudu vilivyokuwako. Tangu siku ile nimekuwa na neno la kuwaambia, na neno lenyewe ni hili: kitu kidogo kisichoonekana vizuri hakihukumiwi kwa jicho. Kinapimwa. Na sisi watu wa migodi tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa.

PLASTIKI NDOGO NI NINI?

Wataalamu huita plastiki ndogo kipande chochote cha plastiki kisichofika milimita 5. Vingine vinaonekana, kama punje ya mchele. Vingine ni vidogo kuliko unene wa unywele. Havitoki mbali. Sashe ya maji ikikaa juani inakauka, inapasuka, inakuwa vumbi. Nguo za poliesta zikifuliwa zinaacha nyuzi. Matairi ya magari yanasagika barabarani. Kamba, mikeka ya plastiki, mifuko, vyote vinaachia.

Na kazini kwetu? Angalieni mifuko mikubwa myeupe inayobeba hidroksidi ya kobalti. Imefumwa kwa nyuzi za polipropileni. Ikiachwa juani miezi kadhaa, shika pembe yake, sugua kwa vidole: utabaki na unga mweupe na vinyuzi mkononi. Jua limeikata. Upepo wa mwezi wa nane ukivuma, unga ule unakwenda wapi? Unakwenda puani mwako, na unakwenda mtoni.

Mto Lubumbashi unaingia Kafubu. Kafubu inaingia Luapula. Luapula inapita Kasenga na kuingia ziwa Moero. Na samaki tunaonunua sokoni wanatoka wapi? Wengine wanatoka Kasenga. Anayetupa sashe katika mfereji wa Katuba au Kenya asiseme imepotea. Imeanza safari tu, na huenda ikamrudia katika sahani.

MWANGA TUNAUJUA TAYARI

Wengine wataniuliza: "Kama kitu ni kidogo hivyo, nani atakijua?" Jibu ni: mwanga utakijua.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee walioyeyusha shaba walijua kwamba moto ukilamba shaba unakuwa wa kijani. Huo ulikuwa mwanzo wa elimu hii. Kila kitu kina mwanga wake. Leo katika laboratwari za migodi, jiwe linasagwa, linayeyushwa katika asidi, maji yake yananyunyizwa katika moto, na taa maalumu inaangaza kupitia moto ule. Kuna taa ya shaba, kuna taa ya kobalti, kuna taa ya zinki. Shaba iliyomo katika moto inameza mwanga wa taa ya shaba peke yake. Mwanga uliomezwa ukipimwa, tunajua jiwe lina shaba kiasi gani. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1955 na Alan Walsh huko Australia. Hakuna bwana mkubwa anayeuza shaba kwa kuitazama kwa jicho. Anauza kwa karatasi ya laboratwari.

Lakini tusidanganyane. Mashine ile inajua metali tu. Ukiipa plastiki haitakuambia neno. Plastiki inahitaji mwanga wa namna nyingine, nazo njia kubwa ni mbili.

Njia ya kwanza ni mwanga wa infraruji. Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyeishi Uingereza, alipasua mwanga wa jua kwa kioo ili atoe rangi zake. Akaweka kipimajoto pembeni, baada ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kipimajoto kikapanda. Kumbe kulikuwa na mwanga usioonekana! Ninyi mnaujua kwa mkono. Weka mkono kando ya mbabula yenye makala mekundu: joto linalokufikia bila kugusa ni mwanga ule.

Sasa sikilizeni. Kila kitu kimejengwa kwa chembe zilizoshikana, kama mipira iliyofungwa kwa springi. Springi ngumu inatikisika haraka, springi laini inatikisika polepole. Mwanga wa infraruji ukipita, kila springi inameza sehemu inayolingana na mtikisiko wake. Mashine inachora mstari wenye mabonde, na kila bonde ni mwanga uliomezwa. Polietileni ya sashe ina mabonde machache yanayojulikana. Poliesta ya nguo ina bonde kubwa ambalo polietileni haina. Pamba ina mabonde yake, tofauti kabisa. Mashine inalinganisha mstari na mistari iliyohifadhiwa ya vitu vinavyojulikana, kama karani anavyolinganisha alama ya kidole na ile iliyo katika kitabu. Nyuzi za chupa yangu zingejulikana kwa dakika chache.

Njia ya pili ina jina la Raman, mtaalamu wa India aliyeigundua mwaka 1928 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1930. Hapa kipande kinapigwa na mwanga wa leza wa rangi moja. Karibu mwanga wote unarudi na rangi ile ile. Lakini sehemu ndogo sana inarudi imebadilika rangi kidogo, na badiliko lile linasema kipande ni cha nini. Njia hii inaona vipande vya kadiri ya maikrometa 1, wakati mikroskopi ya infraruji inachoka karibu na maikrometa 10 au 20. Unywele wa mtu una kama maikrometa 70. Kila njia ina udhaifu wake. Infraruji inasumbuliwa na maji, kwa hiyo sampuli lazima ikaushwe. Raman inasumbuliwa na rangi na uchafu unaong'aa.

SAMAKI WA MWANZA

Nitawapa mfano wa jirani zetu wa Tanzania. Wataalamu walinunua samaki sokoni Mwanza, penye ziwa Victoria: sangara 20 na sato 20. Wakachukua matumbo yao, wakayayeyusha, wakakusanya kila kilichobaki kilichofanana na plastiki. Kwa jicho walishuku sangara 11 na sato 7. Jumla samaki 18 kati ya 40.

Hawakukimbilia kutangaza. Walivipima vipande kwa infraruji. Plastiki ilithibitishwa katika sangara 4 na sato 4. Jumla 8. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2016, na ilikuwa ushahidi wa kwanza wa plastiki ndogo katika maziwa makubwa ya Afrika. Walikuta polietileni ya mifuko, walikuta poliesta ya nguo, na nyingine.

Angalieni hesabu hiyo vizuri. Jicho lilisema 18, mwanga ukathibitisha 8. Sisemi wale 10 hawakuwa na plastiki. Nasema haikuthibitishwa. Mtu anayefuata jicho tu angewatisha wavuvi wote wa ziwa kwa hesabu isiyo ya kweli. Na mtu asiyepima kabisa angesema hakuna kitu, naye angekuwa mwongo, kwa sababu samaki 8 walikuwa nayo kweli.

JE, INATUUA?

Hili ndilo swali ninaloulizwa. Nitajibu bila kutisha na bila kubembeleza.

Mwaka 2019 OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, ilisema kwamba ushahidi juu ya plastiki ndogo katika maji ya kunywa bado ni mchache, utafiti uongezwe, na kwamba hatari iliyo mbele zaidi katika maji ni vidudu. Nakubali. Hapa kwetu kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Mtoto akiharisha, plastiki si mtuhumiwa wa kwanza.

Lakini mwaka 2022 wataalamu wa Uingereza walipima vipande 13 vya mapafu ya watu hai waliopasuliwa hospitalini. Kwa infraruji walikuta plastiki ndogo katika vipande 11. Na sisi wa kazi za vumbi tuna ushuhuda wa zamani zaidi. Miaka ya 1990, huko Kanada na Rhode Island nchini Marekani, wafanyakazi wa viwanda vilivyokata nyuzi za nailoni vipande vipande walipata ugonjwa wa mapafu: kukohoa, kukosa pumzi. Waliokuwa wanavuta pumzi palepale kazini ndio walioumia. Kwa hiyo anayesema plastiki ikiingia mapafuni haina neno, asome tena.

Na sisi tunajua habari ya vumbi lisilojieleza kwa jicho. Vumbi la kwarzi na vumbi la udongo wa kawaida yanafanana juani. Moja linaleta silikosi, lingine linachafua shati tu. Kinachotenganisha ni kipimo, na infraruji ni mojawapo ya vipimo vya kwarzi. Vilevile kobalti. Wanganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walipima mkojo wa watu 351 wa Katanga, wakatangaza mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mwilini. Kabla ya kupima, nani aliiona? Mkojo ulikuwa wa njano kama wa watu wote.

MAONI YANGU

Sasa nasema langu. Jiwe linaulizwa maswali kila siku, na jibu lake linaandikwa hata nukta ya mwisho. Maji anayokunywa aliyelichimba yanaulizwa mara chache, na pumzi yake mara chache zaidi. Mimi naona si haki. Mwanga unaoulizwa juu ya shaba uulizwe pia juu ya mtu.

Siombi kwamba kesho mashine ya Raman isimame katika dispansere. Naijua bei ya vitu. Naomba mambo matatu yanayowezekana.

La kwanza: filta za vumbi zinapopelekwa kupimwa kwarzi, kamati ya usalama na usafi iombe pia kwamba nyuzi za mahali penye mifuko mikubwa zipimwe. Filta imekwisha kuwekwa, mtu amekwisha kutumwa. Kinachobaki ni swali moja zaidi.

La pili: sampuli ikichukuliwa, ichukuliwe kwa uaminifu. Chupa iwe ya kioo, isiwe ya plastiki. Anayechukua avae koti la pamba, kwa maana shati la poliesta linaangusha nyuzi zake katika sampuli. Na iwepo filta moja tupu inayofunguliwa mahali pale pale na kufungwa, ili tujue hewa yenyewe imeangusha nini. Bila filta tupu, tutapima shati la mpimaji na kusema ni mto Kafubu.

La tatu: kabla ya mashine ya mbali, tuanze na iliyo karibu. Mikroskopi ya dispansere inatofautisha pamba na nyuzi nyingi za plastiki. Sindano iliyopashwa moto ikigusa kipande, plastiki nyingi huyeyuka na kujikunja. Kuna pia rangi iitwayo Nile Red: inashika plastiki na kuifanya ing'ae chini ya mwanga wa buluu, lakini inashika hata mafuta. Hizo zote ni za kuchuja mashaka. Hukumu iachiwe infraruji au Raman.

Najua wengine watasema: "Dokta, tuna malaria, tuna ajali, na wewe unatuletea habari za vumbi la sashe." Sipingi. Sijasema plastiki ipite mbele ya malaria. Nasema kupima hakuchukui nafasi ya chandarua. Tena mtu aliyezoea kuuliza "umepima?" juu ya plastiki, atauliza hivyo hivyo juu ya gesi katika shimo, juu ya voltaji ya waya, juu ya maji ya mtoto. Tabia ni moja.

MAMBO YASIYONGOJA MASHINE

Kuna mambo ambayo hatuhitaji mwanga wowote ili tuyafanye. Yaanze leo jioni.

1. Maji ya kisima yachemshwe au yatiwe klorini, hata yaking'aa namna gani. Kuchuja kwa kitenge ni vizuri, lakini hakuui vidudu vyote.

2. Mama, usiwashe mbabula kwa sashe au kipande cha bidoni. Najua inashika moto haraka kuliko karatasi. Moshi ule mweusi unaingia katika kifua cha mtoto aliye mgongoni mwako, na plastiki za aina nyingine zinatoa gesi ya asidi na sumu zinazokaa mwilini. Tumia vijiti vikavu au maganda ya mahindi.

3. Mfuko wa hidroksidi ya kobalti usiende nyumbani. Usiwe pazia, usiwe ua, usiwe wa kuanikia unga wa mihogo. Hata ukiuosha mara tatu, kobalti imejificha katika nyuzi zake.

4. Mfuko uliochakaa usichomwe nyuma ya karakana. Ukunjwe, ufunikwe usipigwe na jua, urudishwe kwa msimamizi wa ghala.

5. Unapofagia penye nyuzi na unga wa mifuko, nyunyiza maji kwanza, na uvae maski yako puani, si kidevuni.

6. Sashe isitupwe mtoni wala katika mfereji. Amri ya serikali yetu ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Kila mtu anaona sokoni jinsi amri hiyo inavyofuatwa. Lakini mkono unaotupa ni wetu, si wa serikali.

Yule ndugu wa mashine ya kuvunja mawe bado tunasalimiana. Nilikwenda kwake siku ya mapumziko, nikamwomba mke wake msamaha kwa ajili ya bidoni zake. Alicheka, akaniletea kikombe cha maji. Nikashika kikombe, nikakiinua kwenye mwanga kama nilivyozoea. Akaniambia: "Dokta, usiangalie. Uliza." Nikauliza: "Mama, yamechemshwa?" Akajibu: "Ndiyo." Nikanywa.

Basi nanyi mfanye vivyo hivyo. Msiangalie tu. Ulizeni, na mahali ambapo jibu halipo, ombeni kipimo.

Msaidizi wenu wa munganga, dispansere ya kazi, Lubumbashi